Aya Moja kwa Siku

Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kuuza mbegu mtandaoni wiki moja kabla ya mvua. Ningependa kuwaona pale Sultan Hamud, katika ghala la dada yangu Ndinda, wakitazama kaduara kakizunguka kwenye skrini huku mteja akingoja, akingoja, kisha akienda zake. Tungeona kama wangekuwa na methali nyingine ya kutupa.

Ndinda ni dada yangu mkubwa. Aliacha kazi ya kufundisha watoto wa nasari akafungua duka la mbegu za nchi kavu: ndengu, kunde, mbaazi, mtama. Si duka la mtu kuingia na kikapu. Wateja wako Kathonzweni, Kasikeu, mpaka kule Kitui kwenyewe. Wanaagiza kwa simu, na mzigo unapakiwa kesho yake kwenye gari la kwao. Watu wa kwetu hupanda kavu, mbegu iwe imeshaingia ardhini kabla tone la kwanza halijaanguka. Ukichelewa wiki moja, umewapandia ndege.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba mvua iko karibu. Na kampuni ya mbegu iliyompa Ndinda uwakala ilikuwa imemwambia bila kuzunguka: Ijumaa lori linakuja Sultan Hamud, mbegu ambayo haijaagizwa itarudi na lori hilo, na uwakala atapewa mtu mwingine. Oda walizozihesabu ni zile za mtandaoni tu, kwa kuwa ndizo walizoweza kuziona wenyewe kutoka ofisini kwao. Msimu uliotangulia duka lilikwama katikati ya upanzi, wakamsamehe. Mara hii hapakuwa na msamaha, na Ndinda hakuwa na kazi nyingine ya kurudia.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi niliacha shughuli zangu mjini Wote, ambako huwatunzia watu seva na kompyuta zao, nikaenda kumsaidia. Nilienda nimenuna. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mama yetu amenisema kwa hilo tangu nikiwa mdogo, na hakuna kinachoniudhi kama kuitwa wakati maji yamekwisha zidi unga.

Nilianza pale ambapo fundi yeyote angeanzia. Picha za magunia zilikuwa nzito kama magunia yenyewe, nikazibana. Kumbukumbu ya seva ilikuwa ndogo, nikaiongeza. Databesi, yaani ghala la maandishi ambamo duka huweka bidhaa na oda zake, ilikuwa ikitafuta pakiti ya kunde kwa kupitia kila mstari kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo nikaitengenezea faharasa ili iende moja kwa moja kwenye mstari inaoutaka. Kila nilipogusa kitu, duka liliamka, likakimbia kidogo, nikaanza kujipongeza. Halafu lililala tena.

Na kila lilipolala, Ndinda alitoka nje akampigia mama simu Kathonzweni. Nilimsikia kupitia mlango wa mabati akimwita mama kwa Kikamba na kusema, "Mwaitu, tuombee, duka linakufa." Kisha alirudi ndani, akasimama nyuma ya kiti changu, akanipumulia shingoni. Nilimwomba aende akahesabu magunia. Alisema ameshayahesabu, na yote bado yapo, na hilo ndilo tatizo.

Jioni hiyo alipiga simu Mwangangi wa Kasikeu, mteja wetu wa tangu mwanzo, mtu mpole ambaye hata akikanyagwa kanisani huomba msamaha yeye. Ndinda aliweka sauti nami nisikie.

"Ndinda, hii website yenu imekataa," alisema. "Nimeangalia hako kaduara mpaka simu ikazima. Mimi Jumamosi napanda. Nikikosa yenu nitanunua ndengu ya kula pale sokoni nitupe kwa shamba, Mungu atajua."

Ndinda alipomaliza kumjibu aliketi juu ya gunia la mtama, akajifunika uso na leso. Hakulia kwa sauti. Ningependa angelia kwa sauti, maana ukimya ule ulinifanya nijione sifai kitu, mimi na faharasa zangu.

Jumanne niliacha kubahatisha. Niliiagiza databesi iniandikie kila kazi inayoichukua muda mrefu kupita kiasi, kisha nikangoja. Nilitarajia kuona malipo, au hesabu ya mizigo. Nilichoona ni kazi ileile moja ikijirudia ukurasa mzima: aya.

Lazima nimtaje Ben. Ben hupiga kinanda kanisani kwa dada yangu, na ndiye aliyemjengea duka hilo la mtandaoni, kwa moyo mkunjufu na bila kumuuliza mtu anayejua. Kwa kuwa Ndinda alitaka duka lake lijulikane kuwa la watu wa Mungu, Ben aliingiza Maandiko yote ndani ya databesi, aya zaidi ya elfu thelathini, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Kila mtu akifungua duka, juu kabisa, kabla ya ndengu na kunde, alipewa aya yake. Kila mtu yake, na kila akifungua tena, nyingine.

Ni jambo zuri mpaka uone linavyofanyika. Ni sawa na mtu anayetaka punje moja ya mahindi, naye akamwaga gunia zima sakafuni, akalichanganya kwa mikono, akaokota punje moja, kisha akazoa zilizobaki akazirudisha. Akija mtu wa pili, anamwaga tena. Wakija mia kwa pamoja, hakuna pa kukanyaga, na yule aliyekuja kununua ndengu anasimama mlangoni akitazama kaduara.

Tena si wanunuzi waliokuwa wakimwagisha gunia hilo. Simu chache zilezile zilifungua ukurasa wa kwanza, zikasubiri, zikaufungua tena, na tena, bila kugusa hata pakiti moja ya kunde. Zilipokezana. Moja ikinyamaza, nyingine inashika. Damu ilinichemka. Nilimwambia Ndinda kwamba kuna mtu amelipa watu walinyonge duka lake, na wala sikuhitaji kufikiri sana, kwa kuwa tulimjua mfanyabiashara mmoja aliyeutamani uwakala ule mpaka akashindwa kuficha. Nilitaka kuzifungia zile simu zote nje. Ndinda alikataa. Alisema huenda mmoja wao ni mteja wa kweli mwenye mtandao mbaya, naye hawezi kumfungia mtu mlango wiki ya kupanda.

Basi nikamwambia tuitoe aya.

Tuligombana mpaka wapakiaji wakatoka nje kutupisha. Ndinda alisema watu wanamwamini kwa sababu ya ile aya, kwamba mbegu feki zimejaa sokoni na mkulima hana njia ya kujua pakiti ina nini, kwa hiyo anaangalia ni nani anayeuza. Nilimwambia mkulima huyo kwa sasa haangalii chochote ila kaduara. Alinijibu kwamba tangu niende chuo sijawahi kumheshimu Mungu wala dada yangu. Nilijibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Tulipochoka tulipatana. Seva ingechagua aya moja tu kila siku, iiweke kando ikiwa tayari, na kila mgeni apewe hiyohiyo. Gunia lingemwagwa mara moja, basi. Ndinda alikubali, ila kwa sharti.

"Usichague wewe," alisema. "Wewe utatafuta ya kuuzia mbegu. Ijichague yenyewe, na ikishajichagua hakuna kuigusa."

Nikaahidi.

Jumatano asubuhi nilibadilisha kila kitu, nikaiamuru seva ichague. Ikachagua aya kali, ya nabii mmoja akiwakaripia watu ambao mashamba yao yamewakataa. Katika aya zote elfu thelathini, duka la mbegu likapata hiyo. Niligeuka kumtazama Ndinda, kidole tayari juu ya kitufe, maana kuchagua nyingine kungenichukua muda wa kukohoa tu. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akanikumbusha ahadi yangu. Nikaiacha.

Na duka likaruka. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kukesha na seva mgonjwa. Ukigusa, ukurasa umeshafunguka kabla hujainua kidole. Ndengu, bei, lipa, asante. Ndinda alilijaribu kwenye simu yake, kisha kwenye yangu, kisha kwenye simu za wapakiaji, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mwangangi aliagiza, akapiga simu kutubariki. Watu wawili watatu wa Kitui nao wakaagiza.

Kisha kimya.

Kwanza nilidhani ni chakula cha mchana. Baadaye nilidhani nimeharibu malipo, nikajinunulia mbegu mwenyewe, zikapita bila shida. Duka lilikuwa zima, jepesi, na tupu. Kathonzweni, ambako nusu ya oda zetu hutoka, haikuagiza hata pakiti. Saa tisa ilifika, saa kumi ikafika. Ndinda alianza kuzunguka kati ya magunia akiyashika moja moja, kama mtu anayeaga. Mimi niliitazama seva isiyokuwa na kazi, nikaichukia zaidi ya ilipokuwa imekwama. Ilipokuwa imekwama, angalau watu walikuwa mlangoni.

Ndipo mama akapiga.

Mama yetu anaitwa Syokau. Ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa lake, na kule kijijini akina mama hao ndio huagizia mtaa mzima mbegu, kwa sababu wazee wengi wana zile simu za kubonyeza tu, na macho nayo hayawasaidii. Syokau akisema nunueni, wananunua. Ndinda aliweka simu juu ya meza, akafungua sauti. Tulizungumza Kikamba, kama tuzungumzavyo sikuzote nyumbani.

Mama alianza kwa kumsalimu Ndinda taratibu mno, akamuuliza kama ameketi. Halafu akasema kwamba Mungu amejibu, na jibu lake ni hapana.

Ndinda alimuuliza amejibu vipi.

Mama akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. Tangu Ndinda alipompigia kwamba duka linakufa, yeye na wenzake walikuwa wameanza mnyororo wa maombi. Walifunga kula. Walipeana zamu, mmoja akichoka anampokea mwenzake, usiku na mchana, ili mnyororo usikatike. Na kila mmoja katika zamu yake aliomba, kisha akafungua duka la Ndinda ili Mungu ampe neno juu ya duka hilo. Wakipata majina ya nani alimzaa nani, waliomba tena na kufungua tena. Wakipata aya ya vita, vivyo hivyo. Walikuwa wakitafuta ahadi. Kila Ndinda alipopiga simu kusema hali ni mbaya zaidi, waliongeza watu katika mnyororo.

Nilimtazama dada yangu, naye hakunitazama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba chaweza kuwa kinakuombea.

"Leo neno limekuja," mama aliendelea. "Moja tu. Nimefungua, ni lile. Nduku amefungua, ni lile. Wote, simu zote, tangu asubuhi, neno halibadiliki. Mwanangu, Mungu hajawahi kusema nasi hivyo. Mashamba yatawakataa. Nimewaambia akina mama wasiagize, tusije tukawafukarisha wazee wa watu. Na wewe rudisha mbegu za wenyewe, uje nyumbani. Nitakupokea."

Ndinda alisema, "Mwaitu, ngoja kidogo," akaifunika simu kwa kiganja.

Nilikuwa tayari nimeshafungua seva. Nilimnong'oneza kwamba ningeweka aya nzuri sasa hivi, ya mvua, ya mavuno, ya ghala lililojaa, na mama angeona Mungu amebadili uso wake kabla ya jua kuzama. Tungepata oda zote kabla ya Ijumaa. Nilimsihi. Nilimwambia sahau ahadi, ahadi ile ilikuwa ya wajinga.

"Siwezi kumwekea Mungu maneno mdomoni halafu nimuuzie mama yangu mbegu," alisema Ndinda.

Akaondoa kiganja. Akamwambia mama kila kitu. Alimwambia ile aya imechaguliwa na mashine, na haibadiliki kwa sababu mimi, Kaloki, nimeizuia isibadilike. Alimweleza habari ya gunia na punje. Kisha nilijua amefika pale asipopataka.

"Kwa hivyo ile mashine ilikuwa inachoka na nini?" mama aliuliza.

"Na kufunguliwa, Mwaitu."

"Na nani?"

Ndinda alinigeukia. Ningejibu mimi, hilo ndilo pekee ningeweza kumfanyia, lakini niligeukia skrini.

"Ni sisi," alisema mama. "Ni sisi tulikuwa tunalinyonga. Tukiomba."

"Hamkujua."

"Na zile aya nyingine? Ile iliyoniambia nikubali kupasuliwa jicho?"

"Ni mashine, Mwaitu. Zote."

Tukasikia kuku wa nyumbani kwenye simu. Mama aliogopa upasuaji ule mwaka mzima. Sote tulimsihi, mimi nikamgombeza, akakataa. Halafu siku moja akakubali ghafla, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Jicho lile linaona mpaka leo.

"Sawa," alisema hatimaye. "Nitawaambia."

Aliwaambia Alhamisi asubuhi, kanisani, amesimama mbele yao wote. Nduku, mmoja wa akina mama wa mnyororo ule, ndiye aliyetusimulia. Mama alisema Mungu hakuwa amesema lolote juu ya mbegu, kwamba yeye ndiye aliyesema, na kwamba kwa siku tatu walikuwa wamemfungia mwanawe mlango kwa mikono yao wenyewe huku wakimwita Mungu aufungue. Mama mmoja alimwambia ameuaibisha ushirika. Mwingine alitoka nje. Mama hakujitetea. Alipomaliza alitoa simu yake, akaagiza ndengu na mbaazi za mtaa wake, akaketi.

Oda zilianza kuingia kabla hatujanywa chai. Za Kathonzweni zilikuja kwa mkupuo, mtaa kwa mtaa, na seva ikazipokea zote bila kutetereka. Wapakiaji walipakia mpaka wakavua mashati. Ijumaa lori lilipofika, dereva alitembea kutoka ukuta hadi ukuta akitafuta cha kurudisha, akapata magunia machache ya mtama, akamwambia Ndinda kwamba huko ofisini wameshaziona oda na msimu ujao watamwongezea. Lori likaondoka. Nilipiga makofi peke yangu, nikajisikia mjinga.

Jumatatu iliyofuata, kabla sijarudi Wote, nilimkuta Ndinda ameketi mbele ya kompyuta. Alitaka kujua ni nani wanaofungua ile aya. Nilimwonyesha: wateja wanapita, pengine wanaisoma, wanaenda kwenye kunde. Zile simu za zamu hazikuwepo hata moja. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika, na kwamba ndiyo sababu duka linakwenda namna ile.

Alimpigia mama. Walizungumza juu ya mbuzi, juu ya mbegu kama zimefika zikiwa kavu, juu ya goti la Nduku. Mwishoni Ndinda akamwomba aombe mvua isichelewe, watu wameshapanda. Mama akasema, "Nitaona." Kisha akaaga.

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia mama yetu akiombwa maombi akasema ataona. Huyo ni mtu aliyeombea hata pikipiki yangu ikishindwa kuwaka. Ndinda aliiweka simu mezani, akakaa akiitazama, na nje mawingu yalikuwa meupe yasiyo na chochote ndani. Mbegu zetu zote zilikuwa tayari chini ya vumbi la watu.

"Mpigie Mwaitu," aliniambia. "Mwambie duka limekwama, atuombee."

Nikamwambia halijakwama, linakwenda vizuri kuliko siku yoyote tangu lifunguliwe.

"Najua," alisema, machozi yakimshuka. "Mpigie."